Shono Moja la Ziada

Anayefuma kitambaa cha duara cha kuweka mezani anaijua hesabu hii vidoleni, hata kama hajawahi kuiandika. Mzunguko wa kwanza una mashono 6. Wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24. Kila mzunguko unaongezewa sita, wala hauzidishiwi, ndipo kitambaa kilale bapa. Akiacha kuongeza, ukingo unajikusanya, na baada ya muda ana kofia mkononi. Akizidisha, ukingo unakosa pa kulala: unainuka hapa, unashuka pale, unajikunja juu yake wenyewe, na fundi anayejali jina lake hufumua hadi pale alipoharibu.

Maonyesho ninayotaka kuyaeleza yamejengwa juu ya uharibifu huo wa mwisho. Wenye kazi ni dada wawili, Margaret na Christine Wertheim, mapacha waliozaliwa Brisbane katika jimbo la Queensland, Australia. Baharini mbele ya jimbo hilo ndipo ulipo mwamba wa matumbawe mkubwa kuliko yote duniani, Great Barrier Reef, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,000. Margaret alisomea fizikia na hisabati kisha akawa mwandishi wa sayansi. Christine ni msanii na mshairi aliyefundisha katika chuo cha sanaa cha CalArts, Marekani. Mwaka 2003 walianzisha mjini Los Angeles taasisi ndogo, Institute For Figuring, ili kuwaonyesha watu uzuri uliomo ndani ya sayansi na hesabu. Mwaka 2005, sebuleni kwao, wakaanza kufuma matumbawe kwa kroshia.

Waliuita mradi huo Crochet Coral Reef. Kutoka sebuleni ukafika Andy Warhol Museum mjini Pittsburgh, ukapita Chicago, ukaingia Hayward Gallery ya London mwaka 2008, ukakaa katika jumba la makumbusho ya viumbe na mazingira la Smithsonian, Washington, kuanzia 2010, na mwaka 2019 ukawa miongoni mwa kazi za Venice Biennale. Kwa mbali mtu huona bustani ya chini ya bahari: vichaka vyekundu, mirija ya zambarau, majani mapana ya kijani yenye kingo za waridi. Akisogea, viumbe vinayeyuka na kubaki uzi. Atafute jina la spishi, hatalipata, kwa sababu kipande hakimnakili mnyama yeyote. Kimefuata kanuni ya hesabu, na kanuni hiyo ndiyo inayokipa sura ya kitu kilicho hai.

Kanuni yenyewe haikutoka kwa akina Wertheim, nao husema hivyo waziwazi. Ilitoka kwa Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa akifundisha Cornell University, jimbo la New York. Wanahisabati walikuwa na shida ya muda mrefu. Tangu karne ya 19, Nikolai Lobachevsky wa Urusi na János Bolyai wa Hungaria walikuwa wameonyesha kwamba inawezekana kuwa na jiometri ambamo, kupitia nukta moja iliyo nje ya mstari, hupita mistari mingi isiyokutana kamwe na ule wa kwanza, na ambamo pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa hazifiki nyuzi 180. Uso wenye tabia hizo huitwa wa kihaipaboli. Ulielezwa kwa milinganyo, ukachorwa kwa namna zilizoupotosha, lakini kuushika ilikuwa kazi. Mwanahisabati William Thurston alibuni njia ya kuujenga kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa kama pete na kugandishwa kwa utepe. Ulipatikana, lakini ulichanika upesi.

Mwaka 1997 Taimina alikuwa akijiandaa kufundisha somo hilo na alihitaji kifaa ambacho wanafunzi wangeweza kukigeuzageuza bila kukiharibu. Kazi za mkono alizijua tangu utoto. Kwanza alijaribu kufuma kwa sindano mbili, kama afumavyo mtu sweta, akakwama kwa sababu ambayo kila mfumaji ataielewa mara moja: katika ufumaji huo mashono yote ya mstari hukaa juu ya sindano kwa pamoja, na mistari hii hurefuka kwa kasi ambayo sindano haiwezi kuibeba. Kroshia haina mzigo huo. Kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, kile kilicho kwenye ndoano. Mengine yote yameshafungwa na yanajisimamia. Akachukua uzi usiovutika sana, akafuma kwa kukaza, akaongeza shono moja kila baada ya idadi ileile ya mashono, mstari baada ya mstari. Akapata uso uliokuwa umewasumbua watu kwa zaidi ya karne, na unaweza kutiwa mfukoni.

Mistari iliyonyooka juu ya uso huo haihitaji rula. Unakikunja kipande, na pale kinapokubali kukunjika bila kuvutwa, mkunjo ndio mstari. Taimina hupitisha uzi wa rangi nyingine juu ya mkunjo, akakunjua, akakunja upya kupitia nukta aliyoichagua, na mistari isiyokutana inahesabika kwa kidole.

Nilitaka kuona hayo yakifanyika, kwa hiyo nilimwendea mtu ninayemwamini katika mambo ya uzi. Shangazi yangu amefuma vitambaa vilivyofunika makochi ya nusu ya ukoo wetu.

“Shangazi, shikamoo. Naomba unifumie kitu kibaya.”

“Marahaba. Kibaya vipi tena, mwanangu?”

“Anza na mashono sita. Halafu kila baada ya mashono mawili, la tatu lifume mara mbili. Usibadilishe mpaka nikuambie.”

Aliinua macho juu ya miwani. “Hicho kitakunjamana.”

“Ndicho ninachokitaka.”

Hakubishana. Alitoa uzi wa akriliki wa rangi ya chungwa, akaunyoosha kidogo kati ya viganja kuupima nguvu, kisha akachagua sindano ya kroshia nyembamba kuliko ile ambayo uzi huo ungestahili. Nilipouliza kwa nini, alisema kitu kinachotakiwa kusimama hufumwa kwa kubana. Akauzungusha uzi kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akaupitisha chini ya vidole viwili vya kati, akaulaza juu ya kidole cha shahada. Hapo ndipo ulipo ufundi, na mtazamaji huukosa kwa sababu macho hufuata ndoano. Mkono wa kulia unaonekana kufanya kazi, lakini wa kushoto ndio unaoamua uzi upite kwa kiasi gani, na mashono mia mbili yanayolingana ni maamuzi mia mbili ya kidole kimoja.

Shono lenyewe lina hatua nne. Ndoano inaingia chini ya nyuzi mbili za kichwa cha shono la mzunguko uliopita. Inanasa uzi, inauvuta utokeze, na sasa kuna vitanzi viwili juu ya sindano. Inanasa uzi tena. Inauvuta kupitia vitanzi vyote viwili kwa mkupuo, na kinabaki kimoja. Shangazi alifanya hivyo bila kutazama, akihesabu kwa midomo: moja, mbili, tatu na mwenzake, moja, mbili, tatu na mwenzake. Mwanzo wa kila mzunguko aliuwekea pini, akaihamisha kila alipoifikia.

Nilitarajia makunyanzi papo hapo. Hayakuja. Kilichotokea kwanza ni kikombe kidogo, na yeye ndiye aliyeeleza sababu kabla sijaanza kupiga hesabu. “Umeninyima mashono. Mwanzo ulitaka kumi na mbili, nina manane.” Alikuwa sahihi. Kitambaa bapa huongezewa sita kila mzunguko, daima sita. Kanuni niliyompa haiongezi idadi iliyowekwa, inaongeza theluthi ya kile kilichopo. Sita yakawa manane, manane yakawa kumi au kumi na moja, kisha 14, kisha 19. Polepole kuliko kitambaa, kwa hiyo kingo zinasimama. Kikombe kilipofika mzunguko wa mashono 25, nyongeza ilikuwa imelingana na ile sita ya kawaida na mdomo wa kikombe ukaanza kufunguka. Mzunguko wa tisa ulikuwa na mashono 60 hivi. Kitambaa bapa cha mizunguko tisa kingekuwa na 54. Hapo ndipo kitambaa bapa kilipopitwa, na tangu hapo hakuna kilichorudi kulala: 80, 106, 142, 189.

Kufikia mzunguko wa 14 ulikuwa na mashono 250 na ushei, mara tatu ya yale ambayo duara bapa ya ukubwa huo ingehitaji, na yote yalilazimika kupata nafasi. Ukingo ulipanda na kushuka kwa mawimbi, mawimbi yakaota mawimbi madogo juu yake. Ni umbo lilelile la ukingo wa jani la sukuma wiki iliyojikunja, na sababu ni moja: pembeni pamekua haraka kuliko katikati. Jani halikusoma Lobachevsky.

Kilichonishangaza zaidi ya umbo ni mwendo wa shangazi. Hakuharakisha mizunguko ilipokuwa mifupi wala hakuchoka ilipokuwa mirefu. Mfumaji wa mashono 20 kwa dakika huumaliza mzunguko wa kwanza kabla hajavuta pumzi ya pili. Wa 14 humchukua dakika 12 na zaidi. Na hiyo ni kanuni ya kistaarabu. Kanuni kali zaidi ni ya kufuma kila shono mara mbili: 6, 12, 24, 48, na kuendelea hivyo mpaka mzunguko wa kumi wenye mashono 3,072, ambayo peke yake ni mengi kuliko mizunguko tisa iliyotangulia ikijumlishwa. Mzunguko huo mmoja ni saa mbili na nusu za kurudia hatua zilezile nne. Kinachopatikana ni tonge gumu lililojaa mikunjo, dogo kwa kuliangalia, zito ukilishika.

Nilipomwambia sasa afanye apendavyo, alikaa kimya kidogo, kisha akafanya kile ambacho akina Wertheim nao walikifikia kwa njia yao. Aliacha kuongeza upande mmoja, akaongeza kwa wingi upande wa pili, akapunguza mahali pengine mpaka pakawa mrija. Kanuni ikifuatwa kikamilifu huzaa umbo zuri lakini lililopoa, lenye kujirudia pande zote, linalofaa darasani. Dada hao waligundua kwamba mkono ukiivunja kanuni kidogo, ukabadili hesabu katikati ya safari, ukachanganya nyuzi nyembamba na nene, umbo hupata uhai ghafla: hili ni mwani, lile ni anemoni, lile linafanana na konokono wa baharini asiye na gamba. Matumbawe, sifongo na wenzao hutanua kingo zao kwa mikunjo kwa sababu anayeishi kwa kuchuja maji au kunasa mwanga anahitaji eneo kubwa ndani ya nafasi finyu. Ila hakuna anayekua kwa hesabu kamili. Mkondo humsukuma, jirani humbana, samaki humguguna.

Katika vipande vya maonyesho, uamuzi wa aina hii unasomeka ukiwa na subira. Utaona mahali mfumaji alipohama kutoka kila shono la tatu kwenda kila la pili, maana wimbi linabana ghafla. Utaona mzunguko wa mwisho uliobadilishwa rangi, ukingo wa njano juu ya mwili wa buluu, na ukijua hesabu utajua kwamba ukingo huo mwembamba haukuwa pambo rahisi. Katika kanuni ya shangazi, mzunguko wa mwisho peke yake hula robo ya uzi wote. Katika kanuni ya kuongeza maradufu, hula nusu.

Sehemu nyingine ya mwamba huo imefumwa kwa takataka, na hapo kazi inaanza kabla ya sindano kushikwa. Mfuko wa plastiki unanyooshwa na kukunjwa kwa urefu, mishikio na sehemu ya chini iliyoshonwa vinakatwa na kutupwa, kisha mfuko unakatwa vipande vyembamba kwa upana wake, kila kipande kikitoka kama pete. Pete moja inapitishwa ndani ya nyingine na kukazwa taratibu, kwani ikivutwa kwa pupa hukatika, na zikiungana zinakuwa uzi. Uzi huo hauna huruma. Hautelezi kwenye ndoano vizuri kama sufu, hunata, na mashono yake hayafichi makosa. Mikanda ya video ya zamani nayo imefumwa, myeusi, inayometameta. Akina Wertheim pia waliweka akiba ya plastiki waliyoitumia wao wenyewe nyumbani kwa miaka kadhaa, wakaionyesha kama jaa. (Kwetu mtu akitaka kujifunza kufuma mifuko ya rambo atapata shida ya malighafi, kwa kuwa Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Ni shida njema.)

Kati ya vyumba vyote vya maonyesho, kile cha mwamba mweupe ndicho kinachomgusa mtu wa pwani yetu. Rangi imeondolewa, imebaki mizani ya nyeupe, krimu na kijivu. Tumbawe hupauka namna hiyo maji yanapopata joto kupita kiasi: wanyama wake wadogo hufukuza mwani mdogo sana unaoishi ndani ya miili yao, ule unaowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula, na mifupa ya chokaa ikaonekana kupitia nyama isiyo na rangi. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, pwani ya Kenya na Tanzania ikiwemo. Watu waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake walilijua tumbawe likiwa ukuta. Kulijua likiwa kiumbe, lenye kukua sentimita moja hivi kwa mwaka kwa yale ya mviringo, ni elimu nyingine. Kwa mfumaji, chumba hicho ni kigumu kwa sababu ya ziada: uzi mweupe hauna pa kujificha. Katika kipande chenye rangi saba shono lililolegea hupotea. Katika cheupe kivuli chake hulitaja.

Dada hawa wawili hawafumi peke yao tena. Waliruhusu miji mingine ifume miamba yake chini ya jina la mradi, na makumi ya miji imefanya hivyo, Abu Dhabi ikiwa mmojawapo. Mkubwa zaidi nilioufuatilia ulijengwa kwa ajili ya Museum Frieder Burda, Baden-Baden, Ujerumani, mwaka 2022: watu zaidi ya 4,000 walituma vipande vipatavyo 40,000. Hapo ufundi ni mwingine kabisa. Maelfu ya vipande vya mikono isiyojuana yanapaswa kupangwa kwa rangi na ukubwa, vile vigumu viwekwe chini vibebe wenzao, vyenye mirija mirefu visimame nyuma, na vidogo vitiwe katika mianya mpaka muundo ulio chini usionekane. Jicho la wanaopanga halina papara: wekundu unahamia chungwa, chungwa linafifia kuwa njano, bila mpaka unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Nakiri kwamba milima hiyo mikubwa hunichosha kidogo. Wingi unameza mkono wa mmoja mmoja, na mtu huondoka akisema “vingi!” kabla hajasema “vizuri”. Ningependa kila jumba liweke pia meza moja yenye vipande vichache na ruhusa ya kuvipindua, maana mwanzo wa kazi, yale mashono sita, upo chini.

Shangazi hakutaka kunipa kile chake cha chungwa. Aliniambia kina makosa matatu, akanionyesha mawili. La tatu alisema nilitafute mwenyewe. Kisha akataka kujua, kitaalamu kabisa, asiyezoea aanze na kanuni ipi. Nilimwambia wengi huanza kwa kuongeza kila baada ya mashono matano au sita, kwa sababu mikunjo huja taratibu na mtu hujifunza kuihisi kabla haijambana. Alikataa. Wanafunzi wake, alisema, wataanza na mawili. Wakitaka kukasirika, wakasirike mapema, kabla mizunguko haijawa mirefu.